Kutofautika, Kutofautishwa, Kutofautiana: Historia ya Nadharia za Seli na Istilahi Zake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30 au zaidi, na zote zimetokana na seli moja tu, yaani yai lililorutubishwa. Pamoja na asili hiyo moja, seli hizo hazifanani. Seli nyekundu ya damu ni mfano wa kisahani kilichobonyea katikati, chenye upana wa sehemu saba au nane za elfu za milimita. Inapokomaa haina kiini, na nafasi iliyoachwa hujazwa himoglobini inayobeba oksijeni. Seli ya neva itokayo kwenye uti wa mgongo na kufika kwenye unyayo huweza kuwa na uzi wenye urefu wa takriban mita moja. Katika mimea, seli ya unywele wa mzizi hujirefusha na kupenya baina ya chembe za udongo ili kufyonza maji. Seli za jani hujaa kloroplasti za kunasa nuru. Seli za zailemu zinazopitisha maji hufa kwanza ndipo zianze kazi: umajimaji wake hutoweka, kuta zilizoimarishwa zikabaki kama mabomba.

Swali linalojitokeza ni hili: seli zenye asili moja huwaje tofauti kiasi hicho? Mhadhara huu unafuatilia historia ya majibu yaliyotolewa tangu karne ya kumi na saba hadi sasa. Yaweza kuulizwa kwa nini suala la biolojia lijadiliwe katika uwanja wa taaluma za Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, wataalamu waliojibu swali hilo walijibu kwa lugha, na hitilafu zao kwa kiasi kikubwa zilihusu nani atajwe kuwa mtenda na nani mtendwa. Pili, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania tangu mwaka 1967, na kwa hiyo mtoto anayesikia habari za seli kwa mara ya kwanza huzisikia kwa vitenzi vya Kiswahili. Vitenzi hivyo vikichaguliwa bila hadhari, mtoto atafunzwa nadharia iliyokwisha kukataliwa, na wala mwalimu hatajua kwamba ameifunza.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba, katika suala la umahususi wa seli, kuteua kauli ya kitenzi ni kuteua nadharia.

2. Neno seli na wapinzani wake

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake kiitwacho Micrographia, ambamo alieleza vitu alivyoviona kwa hadubini. Alipotazama kipande chembamba cha gamba la mti litumikalo kuzibia chupa, aliona vijumba vingi vilivyopangana. Akaviita kwa neno la Kiingereza lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, mfano wa chumba cha mtawa. Alichokiona Hooke, hata hivyo, kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Wenyeji wa vyumba hivyo walikuwa wamekwisha kuondoka. Hivyo basi, neno lenyewe lilizaliwa likiutaja ukuta, wala si uhai uliomo ndani yake.

Neno hilo la Kilatini limeingia katika Kiswahili kwa zaidi ya mlango mmoja. Nchini Kenya, mtu aliyekamatwa na polisi husemwa kuwa amelala seli. Nchini Tanzania husemwa amewekwa selo. Mwanafunzi wa sayansi naye husoma kuhusu seli za mimea na za wanyama. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, ingawa wazungumzaji hawahitaji kulijua jambo hilo ili kuelewana.

Mpinzani mkuu wa neno seli amekuwa chembe, na hadi leo husikika watu wakisema chembechembe za damu. Chembe ni neno zuri lenye mizizi mirefu: chembe ya mtama, chembe ya mchanga. Lakini chembe haina ndani. Ni kitu kigumu, kidogo, kilicho kamili, na ndiyo maana neno hilo limewafaa pia wanafizikia wanaozungumzia maada. Seli ina ndani: ina utando, umajimaji na kiini, na yote yatakayoelezwa katika mhadhara huu hutendeka humo. Kwa mantiki hiyo, neno lililokopwa limeshinda kwa haki, kwa kuwa linabeba dhana ya chumba ambayo chembe haiwezi kuibeba.

Neno kiini lina tatizo la namna nyingine. Mwaka 1831 Mskoti Robert Brown aliitambua sehemu hiyo katika seli za mimea ya jamii ya okidi, na Kiswahili kikaipa jina lililokuwapo tayari: kiini cha mbegu, kiini cha jambo, kiini cha yai. Hapo ndipo utata ulipo. Kwa mpishi, kiini cha yai la kuku ni ile sehemu ya njano yote. Kwa mwanabiolojia, sehemu ya njano ni akiba ya chakula, na kiini cha seli ni kitu kisichoonekana kwa macho matupu, kilichokaa katika kidoa kidogo juu ya sehemu hiyo. Mwalimu asiyeutaja utata huu humwacha mwanafunzi akiamini kwamba kifaranga huumbwa kwa ute wa njano.

Miaka ya 1838 na 1839, Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann walidai kwamba mimea yote na wanyama wote wameundwa kwa seli. Wao walidhani seli mpya huganda kutokana na majimaji, kama chumvi inavyoganda. Dhana hiyo ilisahihishwa katika miaka ya 1850 na Robert Remak, na baada yake Rudolf Virchow, waliosisitiza kwamba kila seli hutokana na seli iliyotangulia. Tangu hapo swali la tofauti likawa zito zaidi. Ikiwa seli huzaa seli kwa kugawanyika, na mtoto hurithi vya mzazi, iweje seli ya yai izae neva, mfupa na damu?

3. Nani anayetofautisha?

Kiswahili kina namna tatu za kulieleza jambo hili kutokana na neno tofauti, ambalo asili yake ni Kiarabu. Seli zaweza kutofautika, yaani hali ya tofauti ikajitokeza ndani yake bila ya mtenda wa nje kutajwa. Zaweza kutofautishwa, yaani pakawa na mtenda anayezifanya ziwe tofauti. Zaweza kutofautiana, yaani tofauti ikawa ni uhusiano baina ya seli na seli. Viambishi -ik-, -ish- na -an- vinajulikana na kila mwanafunzi wa sarufi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba, katika miaka isiyozidi 40, wataalamu wa Ulaya walizipitia nadharia tatu zinazolingana na kauli hizo tatu.

Nadharia ya kwanza ilikuwa ya kutofautika. Mjerumani August Weismann, aliyeitungia kitabu mwaka 1892, alishikilia kwamba kiini cha yai kina maagizo ya mwili mzima, na kwamba kila seli inapogawanyika maagizo hayo hugawanywa pia. Seli moja huchukua ya upande huu, nyingine ya upande ule, hadi mwishowe seli ya msuli inabaki na maagizo ya msuli peke yake. Seli za uzazi tu ndizo zinazohifadhi urithi wote. Kwa maneno mengine, kupata kazi maalumu ni kupoteza mengine yote. Ushahidi haukukosekana. Mwaka 1887 Theodor Boveri alieleza kwamba, katika mnyoo mmoja wa farasi, seli za mwili hutupa kweli sehemu ya kromosomu zake. Mwaka 1888 Wilhelm Roux alichukua kiinitete cha chura chenye seli mbili, akaiua moja kwa sindano ya moto, na iliyosalia ikaunda nusu ya kiinitete. Ilionekana kana kwamba kila seli ilikuwa imekwisha kukabidhiwa fungu lake.

Nadharia ya pili, ya kutofautiana, ilizuka mwaka 1891. Hans Driesch alitumia mayai ya mnyama wa baharini mwenye umbo la duara na miiba mirefu, yule anayewachoma miguu wavuvi wa pwani wanapopita miambani wakati wa maji kupwa. Yai lilipogawanyika mara moja, Driesch aliitikisa chupa hadi seli mbili zikaachana. Kwa matarajio ya Roux, kila moja ingetoa nusu. Badala yake, kila moja ilitoa kiumbe kizima, ingawa kidogo kwa umbo. Baadaye ilibainika kwamba katika jaribio la Roux ile seli iliyokufa, kwa kuwa ilibaki imeambatana na nzima, ndiyo iliyoizuia isijikamilishe. Driesch alihitimisha kwamba hatima ya seli hutegemea mahali ilipo miongoni mwa wenzake. Seli haiwi tofauti peke yake. Huwa tofauti na nyingine.

Nadharia ya tatu ni ya kutofautishwa. Mwaka 1924, huko Freiburg nchini Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha matokeo ya upasuaji uliofanywa na Mangold kwa uvumilivu mkubwa. Alichukua viinitete vya aina mbili za mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, aina moja ikiwa na rangi hafifu kuliko nyingine. Alikata kipande kidogo kutoka mahali mahususi katika kiinitete kimoja, akakipandikiza ubavuni mwa kingine. Hapo ubavuni pakaota mwanzo wa kiumbe cha pili, chenye uti na mfumo wa fahamu. Kwa kuwa rangi zilitofautiana, ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya kiumbe hicho ilikuwa ya seli za mwenyeji, wala si za kipande kilichopandikizwa. Seli ambazo zingekuwa ngozi ya ubavu ziliamrishwa kuwa neva, zikatii. Spemann alikiita kipande hicho mpangaji, na mwaka 1935 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mangold hakuiona tuzo hiyo. Alifariki dunia mwaka ule ule wa 1924 kwa ajali ya moto, akiwa kijana.

Hapana budi kutaja kwamba seli zilizopandikizwa mapema zilibadili mwelekeo kwa urahisi, ilhali zilizopandikizwa zikiwa zimechelewa zilishikilia hatima yake ya awali. Wahenga wa Kiswahili walikuwa na methali mbili zinazoafiki hali hiyo: samaki mkunje angali mbichi, na udongo uwahi ungali maji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, takriban wote waliamini kwamba seli iliyokomaa ni samaki aliyekwisha kukauka. Ukimlazimisha, atavunjika.

4. Kukunja na kukunjua

Imani hiyo ilitikiswa kwanza na mimea. Mkulima wa mhogo hapandi mbegu. Hupanda kipande cha shina, na kipande hicho kikatoa mizizi na majani. Kwa hiyo, shina lina seli ambazo hazijafungwa na ushina wake. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alitabiri kwamba seli moja iliyotengwa na mmea ingeweza kutoa mmea mzima, lakini seli alizozitunza zilikataa kugawanyika. Utabiri wake ulisubiri zaidi ya miaka 50. Mwaka 1958 Frederick Steward na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walionyesha kwamba seli zilizotoka kwenye mzizi wa karoti uliokomaa huweza kurudia kugawanyika na kuunda mimea michanga.

Kilichozichochea seli hizo kinastahili kutajwa katika hadhara ya Waswahili: ni maji ya nazi. Maji hayo ni chakula ambacho mnazi humwekea mche wake tumboni mwa nazi, na baadaye yaligunduliwa kuwa na homoni za mimea ziitwazo saitokinini, zinazohimiza seli kugawanyika. Mwaka 1965 Vimla Vasil na Albert Hildebrandt walikamilisha hoja kwa kuotesha mtumbaku kutokana na seli moja iliyotengwa. Kilimo cha migomba kwa njia ya tishu, ambacho kimewafikishia wakulima wa Afrika Mashariki miche isiyo na magonjwa, kinasimama juu ya msingi huo huo.

Kwa wanyama, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1952 Robert Briggs na Thomas King walihamisha viini vya seli changa za chura na kuvitia katika mayai yaliyoondolewa viini vyake, wakapata viluwiluwi. Lakini viini vya seli zilizoendelea zaidi vilishindwa mara nyingi, na Weismann alionekana kushinda tena. Ndipo John Gurdon, huko Oxford, alipomtumia chura wa Afrika ya Kusini mwenye kucha miguuni, ambaye alikuwa amesambazwa Ulaya tangu miaka ya 1930 kwa ajili ya vipimo vya mimba. Katika makala yake ya mwaka 1962, Gurdon alieleza jinsi alivyohamisha viini 726 vya seli za utumbo wa viluwiluwi. Kumi kati ya hivyo vilitoa viluwiluwi wazima wenye kula. Idadi hiyo ni ndogo, takriban asilimia 1.4, lakini katika hoja ya namna hii mfano mmoja unatosha. Seli ya utumbo haikuwa imepoteza maagizo ya jicho wala ya moyo. Ilikuwa nayo yote, ila haikuyasoma.

Jibu la namna yasivyosomwa lilikuwa limeanza kupatikana. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wa Ufaransa walieleza, kwa kutumia bakteria, kwamba jeni huwashwa na kuzimwa na protini zinazojishikiza kwenye DNA. Katika seli za mimea na wanyama kuna hatua zaidi. DNA ya seli moja ya binadamu, ikinyooshwa, ina urefu wa mita mbili hivi, nayo hukaa katika kiini chenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita kwa kuviringwa na kukunjwa juu ya protini ziitwazo histoni. Palipokunjwa kwa kubana sana, jeni hunyamaza. Palipokunjuliwa, jeni husomeka. Seli ya ini na seli ya neva zina maandiko mamoja yaliyokunjwa kwa namna mbili.

Mwaka 1996 alizaliwa Uskoti kondoo Dolly, kutokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Japani walitangaza kwamba jeni nne tu, zikitiwa katika seli ya panya iliyokomaa, huirejesha katika hali inayokaribia uchanga wa kiinitete. Mwaka 2007 jambo hilo lilithibitishwa kwa seli za binadamu. Gurdon na Yamanaka walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 2012. Samaki aliyedhaniwa kukauka aliweza kukunjuliwa.

5. Mazingatio ya kiistilahi

Taasisi za kukuza Kiswahili zina historia ndefu: Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyogeuzwa kuwa taasisi ya chuo kikuu mwaka 1964, BAKITA mwaka 1967, TUKI mwaka 1970, iliyounganishwa katika TATAKI mwaka 2009. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kwa hiyo, anayedai kwamba Kiswahili hakina istilahi za seli hajafungua vitabu. Suala lililobaki si kuwapo kwa istilahi, bali ni usahihi wa matumizi yake darasani.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kitenzi kupoteza kiepukwe katika maelezo ya umahususi wa seli, isipokuwa pale ambapo kitu hupotea kweli, kama kiini cha seli nyekundu ya damu. Sentensi isemayo kwamba seli ya msuli imepoteza uwezo wa kuwa kitu kingine ni sentensi ya mwaka 1892. Pili, neno utofautishaji, ambalo huundwa kwa wepesi na wafasiri, lina kauli ya kutendesha. Humlazimu msomaji aulize ni nani atofautishaye. Lafaa pale ambapo mtenda anajulikana, kama katika jaribio la Mangold. Kwa mchakato kwa ujumla, utofautikaji ni neno la tahadhari zaidi, ingawa kutofautika si kitenzi kisikikacho kila siku. Umahususi ubakie kuwa jina la hali inayofikiwa mwishoni.

Tatu, iko haja ya jina la safari ya kurudi. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Lakini kauli hiyo haizai tena kwa uhuru, na haishikamani na vitenzi vya mkopo. Hakuna msemaji atakayelikubali umbo *tofautishua. Hii ndiyo sababu ya kuitazama jozi ya kunja na kunjua. Jozi hiyo ni ya Kibantu, inaeleweka hata na mtoto, na kwa bahati njema inaafiki kile kinachotendeka hasa ndani ya kiini. Mwalimu akisema kwamba seli hukunja maagizo isiyoyahitaji, na kwamba maabara imejifunza kuyakunjua, atakuwa amesema kweli. Haitoshi kuwa istilahi kamili, kwa sababu kukunja ni njia moja tu kati ya njia za kuinyamazisha jeni. Inatosha kuwa maelezo.

Yaweza kupingwa kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji uangalifu wa kiasi hiki. Pingamizi hilo lina uzito, kwani darasa lina mambo mengi. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo, akiingia sekondari nchini Tanzania, kwa kawaida hubadilishiwa lugha ya kufundishia na kupewa Kiingereza. Anachokibeba kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni ufahamu aliokwisha kuupata kwa Kiswahili. Ukiwa na dosari, atajifunza maneno mapya ya kuitaja dosari ile ile.

6. Hitimisho

Historia iliyoelezwa imeonyesha kwamba nadharia ya Weismann haikushindwa kwa sababu Weismann alikuwa mzembe. Ilikuwa na mantiki na ushahidi, na mnyoo wa Boveri hutupa sehemu za kromosomu zake hadi leo. Ilishindwa kwa kuwa ilikichukulia kinachotokea katika kiumbe kimoja kuwa kanuni ya viumbe vyote. Driesch na Spemann nao walikuwa na sehemu ya ukweli kila mmoja: seli hutofautika kwa maagizo yaliyomo ndani yake, hutofautishwa na ishara za jirani zake, na hutofautiana kwa nafasi zake. Kauli tatu za kitenzi zinahitajika zote, kila moja mahali pake.

Kazi hiyo ya kuipeleka kila kauli mahali pake si ya mwanabiolojia peke yake, kwa kuwa hakufunzwa kupima viambishi. Wala si ya mwanaisimu peke yake, kwa kuwa hakufunzwa kupima seli. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vitakavyotungwa vitakuwa sahihi kwa kadiri wawili hao watakavyokaa meza moja kabla ya muswada kupelekwa kiwandani.